Kufuatilia afya ya diski za seva: smartd, Zabbix au Prometheus?

kijana_seva
Wakuu, habari za kazi. Kuna seva ya kuhifadhia mafaili ya ofisi inatakiwa iwekewe ufuatiliaji kabla mwezi haujaisha. Diski ikianza kuugua tujue mapema, tusisubiri watumiaji walalamike mafaili hayafunguki. Machaguo yaliyobaki ni matatu: smartd (programu ndogo inayosoma SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) na barua pepe basi, au mifumo mikubwa ya ufuatiliaji: Zabbix, au Prometheus na Alertmanager, mtuma arifa wake. Ipi bora?

FundiRaki
Bora kwa kazi ipi, mkuu? Hujasema diski ni ngapi, zimeunganishwaje, RAID (diski kadhaa kufanya kazi kama moja) ni ya keneli au ya kadi, na nani ataamka saa 8 usiku arifa ikiingia. Kama ziko nyuma ya kadi ya RAID, nusu ya ushauri utakaopewa hapa hautafanya kazi.

sekta_mbovu
Kabla hajajibu: smartd. Yamalizike. Haihitaji hifadhidata wala dashibodi, na seva ikibaki peke yake bado inajiangalia. Mstari mmoja kwa kila diski kwenye /etc/smartd.conf:

`/dev/sda -a -n standby,q -s (S/../.././02|L/../../6/03) -W 4,40,48 -m anwani@yako -M daily`

Yaani jaribio fupi kila siku saa 8 usiku, refu kila Jumamosi saa 9 usiku, na ionye joto likifika nyuzi 48. Majaribio marefu usiyapange yote saa moja, seva itakuwa nzito. Halafu futa ule mstari wa DEVICESCAN uliokuja na faili, unaoiambia smartd itafute diski yenyewe. Ukiuacha juu, smartd haisomi chochote kilicho chini yake, na watu wengi huishi miaka wakidhani mipangilio yao inafanya kazi.

kijana_seva
Samahani wakuu. Diski ni 12, Linux. 8 ziko kwenye kadi ya MegaRAID, 4 zimechomekwa kwenye ubao mama na zinaendeshwa na mdadm, RAID ya Linux yenyewe. Wa kupokea arifa tuko wawili. `smartctl -H`, amri ya kuiuliza diski afya yake, kwenye zile 4 inasema PASSED zote.

FundiRaki
Sasa tunaongea. Kwanza, hiyo PASSED isikulaze usingizi. Inageuka tu pale thamani moja inaposhuka chini ya kikomo alichoweka mtengenezaji, na diski nyingi hufa zikiwa bado PASSED. Angalia namba ghafi za sifa (vipimo vya SMART) ya 5, 187, 197 na 198. Ya 197 ni sekta zinazosubiri hukumu: diski imeshindwa kuzisoma na bado haijazihamisha. Ikitoka 0 na kuendelea kupanda, agiza diski nyingine. Ya 199 ikipanda peke yake, chunguza kebo kwanza kabla hujalaumu diski. Na usishtuke ukiona sifa ya 1 ya diski za Seagate ina namba ya mamilioni. Pale wamechanganya hesabu ya makosa na hesabu ya usomaji ndani ya namba moja, ni kawaida.

Pili, zile 8 za kwenye kadi: Linux inaona diski moja tu ya mkusanyiko. Endesha `storcli /c0 show` (storcli ni programu ya kuongea na kadi), chukua namba za diski kwenye safu ya DID, kisha `smartctl -a -d megaraid,8 /dev/sda` ukibadilisha hiyo 8 kwa kila DID. Kwenye smartd.conf nako andika `-d megaraid,8` mstari kwa mstari.

grafu_kwanza
Mnamwambia atumie kitu kitakachomwambia "imeharibika" bila kumwonyesha ilianza lini. Prometheus, bwana. Programu mbili za kumpa vipimo, smartctl_exporter kwenye poti 9633 na node_exporter kwenye 9100, na unaona 197 ikipanda wiki kwa wiki. Kwenye sheria weka `for: 15m` ili kosa la kusoma mara moja lisimwamshe mtu. Ukiwa na NVMe (SSD za kasi) utaona pia asilimia ya uchakavu na akiba ya seli iliyobaki, na zile sifa za 5 na 197 huko hazipo kabisa.

sekta_mbovu
Grafu ya seva moja! Na huyo Prometheus utamweka wapi? Kwenye seva hiyohiyo inayotarajiwa kufa?

grafu_kwanza
Kwenye mashine nyingine, mzee, kila mtu anajua hilo.

mama_bakapu
Jamani, tatizo halianzii kwenye programu. Ngoja niwape kisa cha seva moja ya RAID 5 (inavumilia kupoteza diski moja tu), diski 4, mdadm. Diski ya tatu ilitolewa na keneli, /proc/mdstat ikawa [UU_U]. mdadm ikatuma barua kama ilivyoagizwa, ila MAILADDR, anwani ya kupokea arifa, ilikuwa root, na root hakuwa na anwani ya nje. Barua ikalala /var/mail/root ambako hakuna aliyewahi kuchungulia. mdadm inayokaa macho hutuma tukio la Fail mara moja tu, haikumbushi, na ile kazi ya cron (ratiba ya kujiendesha) ya kila siku ya `--oneshot`, inayokagua na kukumbusha, ilikuwa imezimwa na mtu aliyesema inajaza logi. Mafaili yakaendelea kufunguka vizuri, kwa hiyo kila mtu akajua mambo shwari.

Wiki nyingi baadaye mtu mwingine akaona taa nyekundu, akachomeka diski mpya, ujenzi wa kurudisha data kwenye diski hiyo ukaanza. Ujenzi wa RAID 5 unasoma kila sekta ya diski zote zilizobaki. Diski ya kwanza ilikuwa na sekta zisizosomeka kwenye eneo ambalo halikuguswa muda mrefu, maana ukaguzi wa mwezi nao haukuwahi kuendeshwa. Ujenzi ukakwama, diski ya kwanza nayo ikatolewa, zikabaki 2 kati ya 4. Kilichookoka ni kilichokuwa kwenye bakapu ya zamani.

Kwa hiyo, mwanangu, chochote utakachochagua, leo hii endesha `mdadm --monitor --scan --test --oneshot`, weka `-M test` kwenye smartd uiwashe upya, na barua zifike kwenye simu zenu wote wawili. Isipofika, huna ufuatiliaji. Ukishathibitisha, toa `-M test`.

grafu_kwanza
RAID 5 mwaka huu jamani…

sekta_mbovu
RAID 5 haikuua mtu hapo, aliyeua ni aliyezima cron. Pia zile diski huenda zilikuwa za kompyuta za mezani. Zile hung'ang'ania sekta mbovu kwa dakika nzima au zaidi, keneli inasubiri sekunde 30 kisha inaona diski imekufa. Jaribu `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`, yaani ikate tamaa baada ya sekunde 7 iiachie RAID isahihishe. Diski ikikataa amri hiyo, panua /sys/block/sda/device/timeout iwe 180. Yote mawili hupotea umeme ukizimwa, yaweke kwenye skripti ya kuwasha.

mzee_zabbix
Mmemsahau Zabbix kabisa. Agent 2, programu yake inayokaa kwenye seva, ina kiunganishi cha SMART tayari, inataka smartctl 7.1 kwenda juu na ruhusa ya sudo kwa mtumiaji zabbix. Watu wakisahau hiyo sudo, vipimo vinageuka "not supported" kimyakimya na hakuna kengele inayolia. Weka kengele ya nodata pembeni, inayolia vipimo vikiacha kuja. Na kukumbusha: utafiti wa Google wa 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha lolote kwenye zile dalili 4 zenye nguvu za SMART. Kwa hiyo fuatilia na hali ya RAID yenyewe, sio SMART pekee.

FundiRaki
Hapo kwa nodata nakubaliana naye. Kwa Prometheus ni `up == 0`, yaani anayefuatiliwa hajibu, na tahadhari moja inayolia daima kwa `vector(1)` kwenda kwenye huduma ya nje. Ikinyamaza, ujue mlinzi mwenyewe amelala.

kijana_seva
Asanteni. Barua ya majaribio ya mdadm haijafika, naona hakuna hata programu ya kutuma barua kwenye seva. Nasakinisha msmtp. Halafu storcli kuna mstari wa BBU umeandikwa "Dgd". Hiyo nayo ni diski?

FundiRaki
Hiyo ni betri ya kache ya kadi, mkuu. Angalia `storcli /c0/bbu show all`. Ikifeli, kadi huacha write back (kuandika kwenye kache kwanza) na kwenda write through (kusubiri diski yenyewe), uandishi unakuwa wa konokono. Watumiaji wamelalamika spidi?

kijana_seva
Tangu mwaka jana. Tulidhani ni mtandao.

sekta_mbovu
Betri hiyo smartd haitakwambia kamwe, nakubali. Lakini skripti ndogo ya cron inatosha…

mzee_zabbix
Tumeanza.