Mahubiri ya video Jumapili: tuyakubali au tuyakatae?

Mleta mada (Tukuyu):
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kuna mtaa mmoja (tawi la usharika) huku Rungwe siku hizi unasikiliza mahubiri ya kurekodiwa. Shuka jeupe linatundikwa mbele, projekta juu ya stuli, jenereta inanguruma nyuma ya kanisa, na mhubiri maarufu wa mjini anaongea dakika 40. Wazee wa kanisa wamegawanyika. Tujadili, matusi hapana.

Mimi napinga, ila si kwa sababu inayosemwa sana, kwamba video inachukua nafasi ya mchungaji. Mchungaji yupi? Huku mmoja anahudumia mitaa kadhaa, barabara ni milima na tope, akifika kwenu ni kwa Meza ya Bwana na ubatizo. Jumapili zilizobaki anahubiri mwinjilisti, mhubiri wa mtaa ambaye si mchungaji. Huyo ndiye anayenyamazishwa: anabaki kusoma matangazo na kuwasha mashine. Na kijana mwenye wito wa kuhubiri ataanzia wapi?

Niliabudu hapo, mvua ikashuka katikati ya mahubiri. Mnaijua mvua ya Tukuyu juu ya bati, humsikii hata uliyekaa naye benchi moja. Mwinjilisti angenyamaza, aanzishe wimbo, ikipungua aendelee. Yule wa kwenye shuka alizidi kurusha mikono tu. Mwanzoni aliposalimia, nusu ya kanisa iliitikia "Amina", nusu wakatazamana. Na wiki hiyo mtaa ulikuwa umetoka kuzika mama wa kwaya. Yeye kahubiri kuhusu kupanua biashara.

Marekani wamelifanya hili kwa ukubwa. Kanisa la Mars Hill la Seattle lilikuwa na matawi mengi yanayomtazama mchungaji wake, Mark Driscoll, kwenye skrini. Alijiuzulu Oktoba 2014, na haikupita miezi mingi kanisa zima likavunjwa. Kila tawi likaambiwa lijitegemee, liungane na kanisa jingine au lifungwe.

Mchangiaji (Makete):
Mkuu, mwinjilisti umempamba mno. Wa kwetu ni mtu wa Mungu kabisa, lakini anaishi kwa shamba lake la viazi na mahubiri anayaandaa Jumamosi usiku akiwa hoi. Mwana mpotevu tumeshamsikia mpaka watoto wanamalizia wenyewe. Mnataka tufe njaa kwa heshima ya utaratibu?

Halafu soma Wakolosai 4:16. Paulo anaagiza waraka ukishasomwa kwao usomwe na Laodikia pia, na sura ya 2 inaonyesha wapo ambao hawakuwahi kumwona uso. Hakuwepo, alituma. Mwaka 2020 sisi makanisa yalibaki wazi, wenzetu nchi nyingi waliabudu kwa simu na runinga. Ibada zao tuzifute?

Mleta mada:
Ndugu yangu, waraka ulipelekwa na watu waliokuwepo. Sura hiyohiyo ya 4 inasema Tikiko na Onesimo wangewaarifu mambo yote. Huyo wa kwenye shuka ukimwuliza swali? Na wa 2020 walizuiwa kukutana. Sisi tumekutana, tumejaza benchi, halafu tunatazama shuka.

Ila la maandalizi nakubali, ni kweli na linauma. Basi mwinjilisti apewe hiyo video Jumatano, aitazame, achukue kinachofaa, Jumapili ahubiri mwenyewe. Na hela ya mafuta ya jenereta mnunulieni vitabu, mlipieni na semina.

Mzee wa kanisa (Iringa):
Vijana wangu, mnabishana Paulo na Tikiko, jambo moja hamjaligusa. Video niliyoonyeshwa mimi, chini yake inapita namba ya simu ya kutuma sadaka, mwanzo hadi mwisho. Si namba ya usharika. Mtunza hazina wetu aliiona, akaniuliza kama bakuli alipitishe au aliache. Mngekuwa nyie mngemjibuje?