Jirani anaomba nikubali banda la nguruwe karibu na nyumba yangu: sheria ya Iowa inasemaje?

Mkazi wa Shamba

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi na familia yangu vijijini katika jimbo la Iowa, Marekani, kwenye nyumba tuliyoinunua miaka 6 iliyopita. Jirani yangu, ambaye analima mahindi na soya katika ardhi aliyoachiwa na babu yake, anakusudia kujenga banda la nguruwe 2,499 wa kunenepeshwa, na juma lililopita alinijia na karatasi ya kutia saini, kwamba ninaridhia banda hilo lisimame karibu na nyumba yangu kuliko sheria inavyoruhusu. Ni mtu mwema. Kila majira ya baridi ndiye anayetusafishia theluji njiani kwa trekta lake bila kudai senti. Nilikwenda kwenye baraza la wasimamizi wa kaunti, wakanisikiliza kwa heshima, kisha wakaniambia kwamba hawana mamlaka ya kulizuia. Inawezekanaje serikali iliyo karibu nami kuliko zote isiwe na neno juu ya jambo lililo mlangoni pangu? Na karatasi hii, nikiisaini, ninatoa nini?

Msomaji wa Sheria

Ndugu Mkazi, pole kwa mashaka. Wasimamizi wamekuambia kweli. Mwaka 1995 bunge la jimbo liliziondolea kaunti uwezo wa kutumia mipango ya matumizi ya ardhi dhidi ya mabanda ya mifugo, na Kaunti ya Humboldt ilipojaribu kuweka masharti yake yenyewe, Mahakama ya Juu ya Iowa iliyatangua mwaka 1998. Manung'uniko yalipozidi, sheria ya mwaka 2002 ilileta jedwali la alama: mwombaji anajibu maswali 44 yenye jumla ya alama 880, naye akifikisha 440, pamoja na kiwango cha chini katika hewa, maji na jamii, amefaulu. Kaunti inayolitumia jedwali hilo inatoa pendekezo tu, na uamuzi unabaki kwa Idara ya Maliasili ya jimbo.

Sasa itazame hesabu ya jirani yako. Nguruwe mmoja wa kunenepeshwa huhesabiwa kuwa sehemu 0.4 ya kizio cha mnyama, yaani kipimo ambacho sheria inatumia kulinganisha mifugo ya aina mbalimbali, kwa hiyo nguruwe 2,500 ni vizio 1,000, na hapo ndipo kibali cha ujenzi na jedwali la alama vinapoanza kutakiwa. Akiwa na 2,499 anadaiwa mpango wa kushughulikia samadi na maelezo ya ujenzi, basi. Nguruwe mmoja aliyepunguzwa ndiye aliyekuondolea wewe nafasi ya kusikilizwa rasmi, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa wa sheria hii, kwa sababu pua ya jirani haijui tofauti ya 2,499 na 2,500.

Kijana wa Waterloo

Nimefanya kazi ya kuosha mabanda hayo kwa miaka 3, nami naomba tusimhukumu mkulima kabla ya kujua yuko katika hali gani. Sakafu ni ya zege yenye mianya, na chini yake kuna shimo refu linalopokea samadi mwaka mzima. Feni za ukutani hazizimwi, maana zikizimika wakati wa joto nguruwe hufa kwa muda mfupi sana. Vuli ikifika, mahindi yakishavunwa, samadi hunyonywa kwa pampu na kuchomekwa ardhini, na siku hizo harufu inaingia hadi kwenye nguo zilizo kabatini.

Lakini nguruwe wenyewe mara nyingi si wa mkulima. Kampuni inaleta watoto wa nguruwe, chakula na dawa, kisha inawachukua wakishanenepa. Mkulima anabaki na banda, mkopo wa benki na ile samadi. Kwa wengi mkataba wa namna hiyo ndiyo njia iliyobaki ya kumrudisha mtoto shambani, kwa kuwa bei ya mahindi peke yake hailishi kaya mbili.

Mama Neema

Mwanangu Kijana, umesema kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 1975 Iowa ilizuia wenye viwanda vya nyama kumiliki na kulisha nguruwe ili wafugaji wadogo wasimezwe, lakini mikataba na kesi za mahakamani vimeidhoofisha sheria hiyo, na leo wafugaji wa nguruwe jimboni hawafiki 6,000, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 40,000. Huku kwetu North Dakota, wapiga kura walikataza ukulima wa makampuni tangu 1932, na bunge lilipojaribu kulegeza katazo kwa ng'ombe wa maziwa na nguruwe, wananchi walilikataa jambo hilo mwaka 2016 kwa takriban robo tatu ya kura. Mwaka 2023 bunge lililegeza tena, likiweka kikomo cha ekari 160.

Msomaji wa Sheria

Nirudi kwenye karatasi. Kwa banda la ukubwa huo lenye shimo la zege, umbali wa chini kutoka makazi ya mtu mwingine ni futi 1,250, yaani kama mita 381. Ukisaini, ridhaa yako itasajiliwa katika kumbukumbu za kaunti, na atakayeinunua nyumba yako ataikuta humo. Usitegemee kwamba utafungua kesi ya kero baadaye: sheria ya mwaka 2017 ilibana fidia, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Iowa iliuacha msimamo wake wa 2004 uliokuwa ukiwasaidia majirani. Umbali huo ndiyo haki pekee iliyo mkononi mwako leo. Mpelekee wakili karatasi hiyo kabla ya kugusa kalamu.

Mkazi wa Shamba

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi mimi na jirani tulivuta kamba ya kupimia kutoka ukuta wa jikoni kwangu hadi vigingi alivyochomeka, tukapata futi 1,080. Nilimweleza kwamba sitasaini, nikamwonyesha safu ya miti upande wa mashariki wa shamba lake, ambako umbali unatosha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema huko barabara ya malori itakuwa ndefu na benki itataka makadirio mapya, ila atamuuliza mjenzi. Vigingi bado viko pale pale.