Ufunguo ulikuwa tayari tunduni, naye akauchomoa!

Wanajukwaa, nimetoka kutafuta nyumba Parklands, hapa Nairobi, sasa hivi na mikono ingali inanitetemeka. Wakala mwenyewe nyote mnamjua, yule wa pikipiki nyekundu anayeshika nyumba za mtaa mzima, kwa hivyo sina haja ya kumtaja.

Wiki nzima tumezungumza kwa simu. Alilisikia jina langu la Kiislamu, akaniita "ndugu yangu", akanieleza kwamba kodi ni shilingi 65,000 na maji ya kisima hayakatiki. Kumbe moyoni alikwisha kuniona Mhindi! Leo tulipofika langoni, mimi na mke wangu, Waafrika weusi, alitukodolea macho kana kwamba tumeshuka kutoka mwezini. Hata hivyo alitupandisha ghorofa ya tatu, akautia ufunguo tunduni, akauzungusha mara moja, na kitasa nikakisikia kikilia. Mke wangu alikuwa ameshika utepe wa fundi cherehani ili apime madirisha kwa ajili ya mapazia. Hapo simu ya wakala ikaita. Mwenye nyumba alikuwa kwenye roshani ya juu, akitutazama. Wakala akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasema nyumba ilichukuliwa jana.

Jana, na kibao cha kupangisha kinaning'inia langoni! Nilipomkazania, alisema mwenye nyumba "anapendelea jamii yake". Aliuchomoa, jamani, kwa kasi ambayo mwizi wa simu hajawahi kuifikia. Mlango ule ungekuwa na miguu, naona ungetukimbia hadi Limuru.

Babu yangu aliishi Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika miaka ya 1920, kipande, kile kitambulisho cha lazima cha mkoloni, kikining'inia shingoni, kwa kuwa mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi: Mzungu Muthaiga, Mhindi Ngara na Parklands, Mwafrika Eastlands. Wahindi wenyewe walibaguliwa na walowezi hata wakapeleka malalamiko yao London mwaka 1923, kwa hivyo uchungu huu wanaujua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa rangi au kabila. Maghorofa yanaota kila kona ya Parklands, majirani wapya wanahamia kila mwezi, na mimi ninachomolewa ufunguo mbele ya mke wangu!

Bibi wa Kilimani: Pole sana, ndugu. Mimi ninaishi katika jumba letu mwaka wa nne na ninalipa kodi sawa na Wachina na Wazungu wa ghorofa za juu, lakini mlinzi, Mwafrika mwenzangu, bado huniuliza kila nikiingia kwamba ninamfanyia nani kazi.

Mzee wa Buruburu: Mtu mwenye shilingi 65,000 za kodi analilia nini? Kwa fedha hizo huku kwetu ungepanga nyumba mbili na utepe wako ungechakaa kwa kupima madirisha. Parklands mnafuata nini?

Mpangaji Sugu: Mzee, hata huko kwenu si salama. Mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Umoja ni mweusi kama mimi, na alinitaka jina la tatu kabla ya kunionyesha choo. Nilipolitaja, alisema watu wa kwetu hawalipi kodi. Hilo nalo mnaliita nini?

Mzee wa Buruburu: Hilo tumelizoea tangu uchaguzi wa 2007 na ghasia zake za kikabila.

Mpangaji Sugu: Ulizoee wewe! Mimi nililala kwa shemeji miezi mitatu kwa sababu ya jina la baba yangu.

Mwanzisha uzi: Ufunguo ulikuwa tayari tunduni, wenzangu. Alikuwa ameuzungusha.

Bibi wa Kilimani: Mpangaji, huyo wa Umoja ni yule mwenye maduka ya chini yenye milango ya kijani? Dada yangu alimtajia jina la mumewe akapandishiwa amana papo hapo.