Mbona wachakachuaji wa gemu hawaishi?

Mwenye banda, Ngamiani
Wakuu, hapa kwangu Tanga madogo wanacheza Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, mtandaoni. Mmoja kala risasi ya kichwa hata kona hajachungulia! VAC, programu ya kunasa wachakachuaji ya Valve wenye gemu hii, ipo tangu 2002, inafanya nini?

Fundi wa Chumbageni
Mkuu, kompyuta ya mchezaji lazima ijue mapema adui alipo ili imchore kwa wakati. Mchakachuaji anaisoma tu hiyo siri kwenye memori ya kompyuta yake. Seva ikimficha adui mno, kwa intaneti yetu ya kusuasua adui atakuibukia usoni.

Raskazone
Vanguard, mlinzi wa gemu nyingine ya risasi iitwayo Valorant, inakaa ndani kabisa ya Windows. Hata hivyo wapo wanaochungulia memori kwa kompyuta ya pili.

Mwenye banda, Ngamiani
Ndani ya Windows, kwenye mashine zangu za mkopo? Siweki. Wacheze wenyewe kwa wenyewe humu bandani, mwizi namwona kwa macho.