Naomba ushauri: dianela ya milia inakauka ncha na kugeuka kijani

Wakuu, hii ni Dianella tasmanica ya milia myeupe (mmea wa bustani wenye majani marefu membamba), asili yake Tasmania na kusini-mashariki mwa Australia. Mashina 12, sentimita 45 kati yake, udongo mweusi wa mfinyanzi hapa Nairobi, jua la asubuhi tu, maji ya kisima mara 2 kwa wiki.

Machipukizi ya kijani kitupu yametokea kwenye mashina 4. Dawa ni kuyang'oa pamoja na kipande cha shina la ardhini, maana yana nguvu kuliko yenye milia na huyameza. (Mbegu msinishauri, hazitunzi milia.) Kwenu huwa yanarudi baada ya muda gani?

Kinachosumbua zaidi ni ncha kukauka, rangi ya kahawia. Ni chumvi ya kisima, au mizizi kukosa hewa? Kitako cha shina ni kigumu na hakinuki, kwa hiyo kuoza sidhani. Mpango ni tuta la sentimita 20, mboji na kokoto ndogo, kitako kisifukiwe. Nigawe mashina sasa hivi au ningoje mvua za Machi?