Nimeletewa maua ya lili na ndani nina paka, naombeni ushauri

Tunda_chungu:
Habari za saa hizi wadau. Jana nimeletewa shada zuri kweli, kuna waridi, alizeti na yale makubwa meupe yenye petali sita, yananukia nyumba nzima, naambiwa ndo lili. Sasa mi nina paka na kambwa kadogo, na huyu paka hapiti jani bila kulitafuna, ukigeuka tu keshapanda mezani. Nasikia juujuu maua mengine ni sumu kwao. Nikiyaweka juu ya kabati inatosha au niyatoe kabisa? Sitaki kutupa maua ya watu bure.

Mkongwe:
Weka juu ya kabati mkuu, mnakuza mambo. Mi nafuga paka miaka na maua yamejaa ndani. Akila atatapika mwenyewe yaishe, mpe na maziwa.

Dada_wa_kliniki:
Mkongwe hapo umepotosha, samahani. Nafanya kazi kwa daktari wa mifugo na lili kwa paka sio habari ya kutapika yakaisha, inaua figo. Jani, petali, ule unga wa katikati, mpaka maji yaliyomo kwenye chombo, vyote sumu. Kabati halisaidii kwa sababu unga unadondoka, unamkalia kwenye manyoya, akijilamba keshameza. Na kukata vile vijiti vyenye unga peke yake haitoshi, majani si bado yapo?

Kinachoponza watu ni kwamba saa za mwanzo anatapika, anatoa mate, anagoma kula, halafu kutapika kunakata mtu anasema kapona, kumbe figo ndo zinakwenda, ndani ya siku moja hadi tatu zimegoma. Dawa ni kuwahi dripu, zikipita kama saa 18 kazi inakuwa ngumu sana. Maziwa hayafanyi kitu. Na msije mkamtapisha kwa chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu.

Mkongwe:
Sawa dada, basi kwangu hayajawahi kuingia hayo ya lili.

Tunda_chungu:
Duh. Nimeyatoa nje yote, chombo nimeosha, nimebakiza waridi na alizeti kwenye maji mapya. Vipi ile ya kwenye chungu yenye ua moja jeupe kama kijiko, nayo wanaiita lili?

Baba_Mbwa:
Hiyo ni ukoo mwingine, haigusi figo. Ina vichembe vyenye ncha, akitafuna vinamchoma ulimi na mdomo, anatoka mate mengi. Iondoe tu ila usipate presha. Waridi na alizeti hazina sumu, angalia miiba basi. Kwa mbwa mi naogopa zaidi saikadi, ile inayofanana na kamnazi kafupi, mbegu zake zinaharibu ini, na oliyanda ya uani, ile inagonga moyo, wa mbwa na wa paka. Lili kwa mbwa mara nyingi ni tumbo tu.

Tunda_chungu:
Jamani nimemshika paka sasa hivi namwangalia, ana unga wa rangi ya chungwa kwenye sikio na shingoni. Anacheza kawaida tu, amekula vizuri. Nisubiri nione?

Dada_wa_kliniki:
USISUBIRI. Dalili zikija umeshachelewa. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mzungushie taulo asijilambe, beba ua moja au piga picha yake, nenda. Piga simu kabla wakuandalie dripu, na waambie wapime damu ya figo leo na warudie tena baadaye maana ya leo inaweza kutoka safi.

Tunda_chungu:
Nimepiga, wamesema nije. Ndo nafunga mlango, yumo kwenye taulo anapiga kelele balaa.

Baba_Mbwa:
Ua umebeba?

Tunda_chungu:
Nimebeba, liko kwenye mfuko nimefunga.