Noti za zamani kwa anayeanza: Tanzania peke yake, nchi tatu za Ziwa, au za mkoloni?

Nyamanoro_Mpya:
Wakuu, habari zenu. Nataka kuanza kukusanya noti za karatasi za zamani. Nipo Mwanza, bajeti ni laki moja na nusu kwa mwaka mzima, vifaa vikiwemo. Ninaona njia tatu: (1) noti za Benki Kuu ya Tanzania (BoT) tangu 1966, (2) Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, (3) za kabla ya uhuru, yaani rupia za Mjerumani na shilingi za East African Currency Board. Ipi inamfaa mtu ambaye bado hajui kutofautisha noti halali na ya kughushi? Na hizi ambazo BoT imeziondoa mwaka 2025, zina maana yoyote kwa mkusanyaji?

FundiKaratasi:
Karibu mkuu. Ya tatu iweke kando kwanza, na sababu si bei peke yake. Noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank za 1905 (rupia 5, 10, 50 na 100) zilichapwa vizuri, lakini zinazopatikana kirahisi ni zile za dharura za 1915 hadi 1917. Hizo zilichapwa humu humu koloni, Dar es Salaam na Tabora, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani. Walitumia karatasi yoyote iliyopatikana, na za mwisho ziligongwa kwa herufi za mpira. Sasa fikiria: noti haina alama ya maji (picha inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga) ya kuaminika, haina nakshi ya wino ulioinuka, na saini ni za mkono. Mghushi anataka nini tena? Aina zake ndogo ndogo ni nyingi mno, na tofauti ya herufi moja inabadilisha bei mara kadhaa.

Rupia za Zanzibar, zilizoanza 1908, ndizo mbaya zaidi kwa mgeni. Halisi ni adimu hata kwenye minada mikubwa ya Ulaya. Ukiambiwa ipo moja sokoni kwa elfu themanini, unauziwa picha.

Katika kundi hilo ninamruhusu anayeanza kitu kimoja tu: toleo la 1964 la East African Currency Board, lile lenye mashua ya tanga badala ya sura ya Malkia. Wakusanyaji huliita toleo la Ziwa Victoria. Lina shilingi 5, 10, 20 na 100, na alama ya maji ni kifaru. Ya 5 au ya 10 iliyochakaa kiasi inafikika. Inunue katika mwaka wako wa pili wa kukusanya.

Dada_Pasiansi:
Ninakubaliana na FundiKaratasi kuhusu Mjerumani. Ninachagua namba 1, tena uanzie za karibuni kurudi za zamani: anza na noti za 2003, shuka hadi 1985, halafu ndipo uguse 1966.

Toleo la kwanza la BoT la 1966 ni noti nne tu: 5, 10, 20 na 100, zote na sura ya Mwalimu. Linaonekana rahisi kukamilisha, lakini shilingi 100 ina migongo miwili: ya kwanza ina Mmasai na mifugo, iliyofuata ina wanyamapori. Ya Mmasai ni ngumu kupata na bei yake ni ya juu sana. Muuzaji akisema tu "mia ya 1966", mwombe picha ya nyuma kabla hujaongea bei.

Jambo la pili ni tarehe. Noti zetu za zamani hazina mwaka wa kuchapwa. Mwaka unausoma kwenye saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Andika orodha ya magavana ubandike ndani ya jalada la albamu: Mtei 1966–1974, Nyirabu 1974–1989, Rutihinda 1989–1993, Rashidi 1993–1998, Ballali 1998–2008. Angalia pia saini imekaa chini ya cheo gani. Edwin Mtei aliyekuwa gavana wa kwanza alikuja kuwa Waziri wa Fedha 1977 hadi 1979, kwa hiyo kuona jina lake tu hakutoshi.

Ngambo_ya_Kamanga:
Dada, kwa heshima zote, namba 1 inachosha mtu mapema. Noti za Nyerere na Mwinyi ukiziweka mstari mmoja zinafanana, na mgeni anaacha. Sisi tupo kandokando ya Ziwa, noti za Uganda na Kenya zimebaki kwenye masanduku ya watu kutoka Bukoba hadi Musoma. Uganda ilibadilisha fedha 1987 ikafuta sifuri mbili, kwa hiyo za zamani zilikosa kazi zikabaki majumbani. Za 1973 zenye sura ya Idi Amin kila mtu anazitambua, na zilizotumika hazina bei kubwa. Shilingi 5 na 10 za 1987 hupatikana zikiwa UNC (hazijatumika kabisa) kwa bei ndogo, nzuri sana kumfundisha mtu noti mpya inavyokuwa.

Dada_Pasiansi:
Kaka, za Uganda sikatai. Kenya je? Noti zao zina tarehe, na kila tarehe inahesabiwa kuwa aina yake. Ishirini moja ya Moi inaweza kukumalizia kurasa mbili za albamu. Nchi tatu bila mpaka ni kukusanya bila mwisho.

Ngambo_ya_Kamanga:
Basi weka mpaka: noti moja kwa kila thamani, tarehe zisihesabiwe. Au afuate mada. Shilingi 200 ya 1986 ina wavuvi nyuma. Elfu tano ya 2003 ina mgodi wa dhahabu wa Geita. Ongeza ile ya mashua ya 1964, tayari una msingi wa mkusanyo wa Kanda ya Ziwa ambao hata mgeni sebuleni ataelewa.

FundiKaratasi:
Hapo nimekuelewa. Wazo la mada ni zuri kuliko la nchi tatu.

Sasa zile zilizoondolewa. BoT ilitaja noti za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa 1985 hadi 2003, pamoja na 500 ya 2010. Muda wa kubadilisha ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: namba iliyoandikwa kwenye noti haina uzito tena katika bei. Wauzaji wengi wa mtaani bado wanaanzia kwenye namba hiyo, "elfu kumi ya zamani, nipe elfu kumi na tano". Ishirini safi isiyokunjwa inaweza kuishinda elfu kumi iliyopauka.

Na usijaze debe ukitegemea zitapanda. Zilichapwa kwa wingi mno. Zitakazotafutwa ni zilizo UNC, kwa sababu hizo ndizo chache. Zilizotumika zitabaki kuwa nyingi kwa miaka.

Nyamanoro_Mpya:
Asanteni sana. Nikiwa mbele ya muuzaji, naangalia nini kwanza? Na vifaa gani lazima?

Mkaguzi_Mkuyuni:
Lenzi ya kukuza mara 10, tochi ya UV ya nanomita 365, rula ya milimita. Ukaguzi una mpangilio wake:

1. Inua noti kwenye mwanga. Tanzania tafuta kichwa cha twiga, Kenya kichwa cha simba. Alama halisi ina kivuli kinachofifia polepole. Ya kughushi ina kingo kali kwa sababu imechapwa juu.
2. Lenzi kwenye sura. Mistari ya nakshi iwe mfululizo. Ukiona vitone vya rangi rangi, imetoka kwenye printa.
3. UV. Karatasi ya noti haing'ai. Iking'aa buluu nzima, ama ni karatasi ya ofisi ama noti imefuliwa kwa sabuni. Iking'aa mstari mmoja tu, huenda kuna gundi chini ya mchaniko.
4. Ilaze, mwanga uje kutoka ubavuni. Mikunjo iliyofichwa inajitokeza.
5. Pima pande zote. Noti iliyopungua milimita moja au mbili imekatwa kingo kuficha uchakavu.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni pasi. Noti iliyopigwa pasi imenyooka lakini ni laini kama kitambaa, na ukipitisha kidole hutauhisi wino ulioinuka. Muuzaji ataiita UNC. Ihesabu kama VF (iliyotumika lakini bado nzuri), ulipe hivyo.

Kwa laki na nusu: elfu hamsini vifaa na albamu, laki inayobaki noti nane hadi kumi zilizo VF au zaidi. Usinunue arobaini zilizochakaa.

Dada_Pasiansi:
Kuhusu albamu: zile za bei rahisi za stationery nyingi ni PVC. Plastiki hiyo hutoa asidi, noti hunata na wino huhama. Jaribu hivi, nje ya nyumba: pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, gusisha kipande kidogo cha plastiki, rudisha waya motoni. Moto ukiwa kijani, ni PVC. Tafuta polyester au polypropylene. Mfuko uizidi noti kwa milimita 3 hadi 5. Ukibana, kona zinakunjika wakati wa kuingiza.

Unyevu uwe asilimia 45 hadi 55. Nyumba za karibu na maji, Capri Point au Kirumba, msimu wa masika hupita hapo. Boksi la plastiki la lita 5 lenye kifuniko kinachobana linatosha na gramu 20 za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Chagua ya rangi ya chungwa, ya buluu ina kobalti ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili. Silika usiizidishe ndani ya boksi, karatasi ikikauka mno inavunjika. Boksi likae juu ya meza, mbali na ukuta wa nje, mchwa hupitia huko. Naftalini usiweke ndani, mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki.

Na tafadhali, usipeleke noti kufanyiwa lamination. Haitoki tena.

Nyamanoro_Mpya:
Nimeamua: mada ya Ziwa, naanza na 200 ya wavuvi na 5,000 ya Geita. Swali la mwisho: nimeonyeshwa 200 safi kabisa ila ina matundu mawili ya pini upande wa kushoto. Bado ni UNC?

Mkaguzi_Mkuyuni:
Hapana. Matundu ya kubana mabunda ni ya kawaida kwa noti za miaka ile, lakini yanatajwa kama kasoro na yanashusha bei. Angalia kama yana kutu pembeni. Kama ni safi, ichukue kwa punguzo. Yakiwa na kutu, iache, kutu hula karatasi hata ikiwa ndani ya mfuko.